JE, NI HAKI KUFA GHAFLA MCHEZONI?



Juma hili nilikusudia kuzungumza nanyi juu ya vyeti vya ubatizo ambavyo watu huvitafuta siku mbili tu kabla ya arusi. Lakini shauri jingine limeniingilia mlangoni, nami naona afadhali tulimalize hilo kwanza. Vyeti vitangoja.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua madirisha ya ofisi ya parokia, aliingia mama mmoja wa hapa hapa Mkolani. Nilimwamkia, akaitikia kwa kifupi, akaketi, akaweka daftari juu ya meza yangu. "Mwalimu," akasema, "fungua ukurasa wa mwisho."

Nikafungua. Palikuwa na msalaba uliochorwa kwa kalamu ya wino, na chini yake jina la mwanamke, na maneno mawili: Amekufa majini.

Daftari lilikuwa la binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwimbaji wa kwaya ya vijana. Mama akaniuliza, "Ndicho mnachowafundisha watoto wetu katika ukumbi wa kanisa? Kufa majini?" Kisha akanyamaza, nami nikaona kwamba hakuja kugombana. Alikuja kwa sababu binti yake alikuwa hajala vizuri tangu Jumamosi.

Ili msomaji aelewe, hapana budi nieleze mchezo wenyewe.

Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, vijana kama saba hukaa kuizunguka meza ukumbini wakacheza mchezo wa hadithi. Aliyeuleta ni kijana aliyejifunza kwa wenzake alipokuwa chuo kikuu. Yeye ndiye msimulizi. Wengine, kila mmoja ana mtu wake wa hadithi, aliyembuni mwenyewe: jina lake, kazi yake, nguvu zake na udhaifu wake, yote yameandikwa daftarini. Msimulizi husema, kwa mfano, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika. Mwafanyaje?" Kila mmoja hujibu kwa niaba ya mtu wake. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa, nayo ndiyo iamuayo. Hakuna mshindi wala mshindwa. Kisa huendelea juma kwa juma, kama zile hadithi za bibi ambazo hazikuisha usiku mmoja, ila hapa wasikilizaji wenyewe ndio wanaotembea ndani ya hadithi.

Vijana wetu hawana vitabu vya mchezo huo vinavyouzwa ng'ambo. Hutumia dadu mbili za ludo, na kisa chao ni cha huku huku kwetu: wafanyabiashara wanaosafiri kwa mtumbwi baina ya Mwanza, Ukerewe na visiwa vingine. Binti huyu alikuwa na mtu wake, mjane muuza dagaa, ambaye wenzake walimwita Mama Dagaa. Alikaa naye majuma saba. Nimelisoma daftari lile lote. Mna hesabu ya magunia, majina ya wadeni wake wa visiwani, hata sababu iliyomfanya mjane yule asipende kuvaa viatu. Si kazi ya mtoto mchezamchezaji.

Basi Jumamosi ile msimulizi alirusha dadu kimya kimya, akazitazama, akasema, "Usiku tufani imeupiga mtumbwi. Mama Dagaa ametupwa majini. Amekufa." Ikawa basi. Binti hakuulizwa lolote. Hakurusha dadu. Mwenzake mmoja akamwambia, "Haya, wewe huna mtu tena, tupishe tuendelee." Naye akaondoka, akakaa nje kwenye ngazi mpaka mama yake alipopita kumchukua.

Jambo ambalo msimulizi hakulijua, na mimi pia sikulijua mpaka mama aliponiambia, ni hili: mwaka 2018 mama huyu alimzika kaka yake Ukara. Alikuwa mmoja wa abiria wa kivuko MV Nyerere.

Baba Paroko alipopata habari aliniambia, "Mwalimu, usikilize pande zote, kisha uniambie kama mchezo huu ubaki au uondoke." Hivyo Jumatano jioni niliwaita vijana.

Msimulizi alijitetea vizuri, nami sipendi kumpunja. Alisema, "Mwalimu, ziwa halibishi hodi. Watu hufa hivyo hivyo. Kama kila hatari naitangaza mapema, na kama kila mtu lazima apone, basi tunacheza mchezo wa watoto wa chekechea. Mimi sikumchagua yeye. Dadu ndizo zilizomchagua."

Wasomaji wangu, msiyadharau maneno hayo. Mimi ndimi niandikaye daftari la wafu la parokia. Kila jina lina nafasi ya kuonyesha kama marehemu alipata sakramenti za mwisho. Kwa mzee aliyeugua miezi sita, padre akaitwa, watoto wakaja kutoka Dar es Salaam na Kahama, nafasi ile hujazwa. Lakini kuna kurasa ambazo nimeandika mara nyingi kwamba hakupata, kwa kuwa kifo kilikuwa cha ghafla: pikipiki barabara ya Shinyanga, umeme, mtumbwi. Watu wa Mwanza hawahitaji mchezo uwafundishe kifo cha ghafla. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inaelekea Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Wengi walizikwa Igoma, na makaburi yale yapo hata leo. Watoto tuliokuwa wadogo wakati ule tuliona watu wazima wakilia barabarani bila kuona haya.

Tena Bwana wetu mwenyewe aliulizwa shauri la namna hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa. Watu wakidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akawaambia sivyo. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumwambia mama yule, wala mama mwingine yeyote, kwamba aliyekufa ghafla alistahili. Kifo cha ghafla kipo, nacho hakipimi dhambi za mtu.

Kwa hiyo namkubalia msimulizi nusu ya kwanza: mchezo ambao ndani yake hakuna anayeweza kufa hauna uzito. Mama Dagaa alipendwa kwa kuwa angeweza kupotea. Hata katika hadithi za kale za pwani, Fumo Liyongo, yule shujaa, hufa. Mkuki haukumweza wala mshale. Akauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, amelala, na mkono uliomchoma ulikuwa wa mwanawe. Kisa hicho, ambacho Muhamadi Kijuma wa Lamu alikitungia utendi mwaka 1913, kimeliza watu wengi, lakini sijapata kusikia msikilizaji aliyemgombeza msimulizi akisema si haki. Kwa nini? Kwa sababu tuliambiwa mapema kwamba kuna mahali pamoja mwilini mwake panapopitisha mauti, na tukamwona Liyongo mwenyewe akimtolea mwanawe siri ile. Ilipokuja, ilikuwa ya ghafla. Lakini haikuwa imefichwa.

Hapo ndipo pa kupambanua. Tangu zamani sana Kanisa, katika Litania ya Watakatifu, limemwomba Mungu atuepushe na kifo cha namna fulani. Wazee wetu waliotunga sala ile hawakutaja ughafla peke yake. Waliunganisha mambo mawili: ughafla na kukosa matayarisho. Walijua kwamba mtu anaweza kufa mara moja akiwa tayari, na jambo hilo lavumilika. Uchungu ni kukatwa bila nafasi yoyote ya kujiweka tayari. Basi mimi nashika mizani hiyo hiyo, naipeleka mezani kwa vijana: kufa ghafla mchezoni si dhuluma. Dhuluma ni kufa bila kupewa nafasi.

Mtu atasema, "Lakini ziwa halimpi mtu nafasi." Je, ni kweli? Waulizeni wavuvi. Mvuvi husoma mawingu, huangalia maji yalivyobadilika, husikiliza upepo, naye akiona vibaya huvuta mtumbwi pwani. Na ule msiba wa Ukara? MV Nyerere kilitengenezwa kuchukua watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga, wakafa watu 228, wakapona 41. Hesabu hiyo jumlisheni wenyewe, mtaona kilikuwa kimebeba watu wangapi. Maji hayakuficha kitu. Watu ndio walioacha kuhesabu. Kwa hiyo msimulizi asemaye, "Maisha ndivyo yalivyo," ajue kwamba hata maisha mara nyingi hutoa dalili kabla ya kuua, nasi huzipuuza. Na kama yeye ndiye mwenye kuleta tufani katika hadithi, basi yeye ndiye mwenye kuleta na wingu jeusi linaloitangulia.

Kuna jambo jingine. Ziwa halina nia. Msimulizi ana nia. Kusema, "Dadu ndizo zilizochagua," ni kama hakimu kusema kalamu ndiyo iliyofunga mtu. Nani aliyeamua kwamba dadu zirushwe? Nani aliyeamua kwamba namba ile maana yake ni mauti, wala si kupoteza magunia, au kuvunjika mguu, au kuokotwa na wavuvi wa kisiwa kingine? Katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 33, mlinzi anayeuona upanga ukija asipige tarumbeta, damu ya waliokufa itadaiwa kwake. Mlinzi yule si mwenye upanga. Hata hivyo anaulizwa habari za tarumbeta. Mwenye kuketi kwenye kiti cha msimulizi naye ana tarumbeta mkononi.

Chuoni tulipofundishwa ualimu, tuliambiwa jambo lililo karibu na hili. Mtihani wa ghafla si kosa, mwalimu aweza kuingia darasani leo hii na kusema, "Toeni karatasi." Lakini asiulize asichofundisha. Mtoto aliyeshindwa kwa kuwa hakusoma atakasirika siku moja, kisha atasoma. Mtoto aliyeshindwa kwa kuwa swali lilitoka mahali ambapo hakuna aliyempeleka, huyo hujifunza jambo moja tu: kwamba kusoma hakusaidii.

Sasa msidhani kwamba shauri hili limezuka Mkolani. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, nao uliitwa Dungeons & Dragons. Tangu mwanzo wachezaji wameteta juu ya jambo hili hili la kifo. Katika sheria zile za kwanza, mtu wa hadithi aliyetiwa sumu kali angeweza kufa kwa kurusha dadu mara moja tu. Mwaka 1975 Gygax alitunga kisa cha mashindano, kilichochapishwa mwaka 1978 kwa jina la Tomb of Horrors, yaani Kaburi la Vitisho. Humo mna uso mkubwa wa shetani wa rangi ya kijani uliochongwa ukutani, kinywa wazi, na ndani yake giza. Aingiaye kinywani humo hupotea kabisa, hapana dawa wala kurudi.

Je, huo ulikuwa ukatili? Wako wanaosema ndiyo. Lakini angalieni: kilikuwa kisa cha mashindano, na walioingia walijua kwamba wamekuja kujaribiwa. Tena uso wa shetani wenye kinywa wazi si mlango wa sebule. Mtu mwenye busara angeingiza kwanza fimbo. Kwa hiyo hata pale palikuwa na dalili, ingawa ilikuwa dalili ya mtu mkali.

Baada ya miaka mingi sheria zikalainishwa. Katika vitabu vya mwaka 2014, mtu wa hadithi anayeishiwa nguvu kwa kawaida hafi papo hapo. Huanguka. Kila zamu yake ifikapo hurusha dadu ya nyuso ishirini: akipata 10 au zaidi ni heri, akipata pungufu ni shari. Heri tatu, ametulia. Shari tatu, amekufa. Na katika muda huo wenzake waweza kumkimbilia, wakamfunga jeraha, wakamvuta kando. Mimi si mchezaji, lakini sheria hiyo naipenda. Haikufuta mauti, imeweka nafasi kabla yake, na katika nafasi hiyo imeweka wenzake. Kila aliyepata kuitwa usiku kumpeleka jirani hospitali ya Bugando anajua thamani ya nafasi hiyo, hata pale jirani asipopona.

Nafika sasa kwenye jambo la tatu, nalo ndilo lililoniuma zaidi, kuliko ile tufani. Ni yale maneno: "Wewe huna mtu tena, tupishe."

Mwaka 1984, Mmarekani mmoja mchapaji wa vijitabu vya dini, Jack Chick, alitoa kijitabu cha picha kiitwacho Dark Dungeons ili kuwatisha watu na mchezo huu. Huyo Chick hakutupenda hata sisi Wakatoliki, maana alitoa na vijitabu vya kututukana, lakini tumwache. Katika kisa chake mna msichana ambaye mtu wake wa hadithi hakuuona mtego wa sumu, akafa mara moja. Kiongozi wa mchezo akamwambia kwamba hayumo tena, aondoke mezani. Msichana akalia, akafukuzwa, na mwisho wake akajiua. Mwandishi alisema hiyo ni kazi ya mashetani waliomo mchezoni, na miaka ile Wakristo wengi wa Marekani waliogopa hivyo hivyo.

Nilipokisoma nilijiuliza: je, ilihitaji shetani kutoka kaburini? Wale vijana waliokaa mezani, waliomwona mwenzao analia wakafunga mlango, hawakutosha? Aliyekufa ni mtu wa karatasi. Aliyefukuzwa ni mtoto wa mtu. Kuvichanganya vitu hivyo viwili ndiyo hatari ya mchezo huu, nayo haimo katika dadu.

Michezo yetu ya zamani ilijua jambo hilo. Mnaikumbuka kombolela? Mmoja anahesabu amefumba macho, wengine wanajificha. Anayeonekana hukamatwa na kusimama pembeni kama mfungwa. Lakini hakwenda nyumbani! Alisimama pale akichungulia, akimwombea yule mmoja aliyebaki mafichoni, kwa maana huyo akitokea mbio na kuwahi kituo, akapiga kelele "Kombolela!", wafungwa wote wamekuwa huru. Jina lenyewe linatoka katika kukomboa, wala sihitaji kuwahubiria Wakristo maana yake. Na wazee wanaocheza bao, je? Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete ikiliwa haitupwi nje kama ya drafti. Huingia upande wa pili ikaendelea na kazi. Mchezo ukiisha hakuna kete iliyoliwa iliyotolewa nje. Mtu anaweza kuwa amepoteza kila kitu, lakini hakuna kilichotupwa.

Hayo ndiyo niliyowaambia vijana Jumatano, kwa maneno machache kuliko haya. Hawakukubali yote. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na kama mtu ameonywa mara tatu na bado anaingia majini?" Nikamjibu: basi na afe. Akiokolewa kila mara, wale waliosikia maonyo wataonekana wajinga. Haki si upole tu. Mzazi anayetisha kila siku bila kutimiza, na mzazi anayepiga bila kuonya, wote wawili wanamharibu mtoto, ila kwa njia mbalimbali.

Tukapatana mambo matatu, nayo yameandikwa kwa mkono wa msimulizi kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. La kwanza: kabla kisa hakijaanza, wote waambiwe kama ndani yake watu waweza kufa, na kila mmoja aseme kama kuna jambo lililo zito nyumbani kwao lisilofaa kuchezewa. La pili: hatari ya kuua itanguliwe na dalili, na mwenye mtu arushe dadu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote. La tatu: mtu wa hadithi akifa, mchezaji asiondoke kitini; apewe kazi siku hiyo hiyo.

Kisha msimulizi akamgeukia binti, akamwomba radhi, tena bila kuambiwa. Akasema yuko tayari kuifuta tufani, Mama Dagaa awe hai, kana kwamba hapakutokea kitu.

Nilidhani binti atafurahi. Alifikiri kitambo, akasema, "Hapana. Amekufa. Lakini hamkumzika."

Jumamosi iliyofuata walimzika. Nilikaa nyuma ya ukumbi, na mama yake alikuja akakaa karibu nami. Msimulizi alieleza jinsi wavuvi walivyouleta mwili pwani, na kila mchezaji akasema mtu wake alifanya nini msibani: huyu alichota maji, huyu alileta kuni, huyu mchoyo, aliyekuwa akidaiwa na marehemu, alilipa deni lake hadharani. Vijana walicheka hapo, hata mama akatabasamu. Binti akafungua ukurasa mpya, akaandika mtu mwingine: binti wa Mama Dagaa, aliyekuja kutoka bara kudai mali ya mama yake kwa wadeni wa visiwani. Lile daftari la majina sasa lina kazi.

Kulipokuwa karibu kwisha, mama alininong'oneza, "Mwalimu, kule Ukara sisi tulifika siku ya tatu. Hatukupata hata kuchota maji." Sikuwa na jibu, wala sikutafuta. Mchezo ukaisha, akamwita binti yake, wakaenda zao. Nilimwambia Baba Paroko kwamba mchezo ubaki.

Wazazi, mkiona watoto wenu wana daftari kama lile, msilichane kabla hamjalisoma. Ulizeni nani anayesimulia, na aliyepoteza mtu wake huketi wapi. Na sisi tulio na kiti cha msimulizi katika mambo yasiyo mchezo, mwalimu darasani, baba nyumbani, mwajiri dukani, mwenyekiti wa jumuiya, tujiulize hayo hayo. Je, mdogo wetu anazijua sheria kabla hatujamhukumu nazo? Je, alipewa nafasi ya kusema neno? Na tukisha kumhukumu, je, bado ana pa kukaa?

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye vyeti vya ubatizo. Vitafuteni mapema, maana arusi si jambo la ghafla.